Mwizi wa Oili ya Zakaria

Kijana, kabla hujagusa kifuniko cha tanki la oili, niambie kwanza: hiyo injini imezimwa tangu lini? Kama hujui, rudisha spana mfukoni, kaa hapo kwenye tairi, unisikilize. Na kama umekuja na simu yako kunionyesha fundi wa sijui nchi gani anafungua injini huku amevaa glovu nyeupe, mwambie aje Dongobesh kiangazi, vumbi limetimka, tuzione hizo glovu jioni zitakuwa na rangi gani.

Mimi ni Fundi Lohay. Kazi nimeiacha kwa sababu ya magoti. Mdomo bado mzima, mke wangu ni shahidi, na anasema angependa ungekuwa mdomo ndio umestaafu, magoti yakabaki. Miaka yangu yote ya gereji niliimalizia Dongobesh, kwenye kibanda cha mabati karibu na stendi, na katika pikipiki zote zilizowahi kunilalia kifuani, nilizozipenda ni zile za umbo la kizamani. Taa kubwa ya mviringo mbele, injini imesimama wima, na mngurumo ambao ukiusikia ukiwa kijijini Nambis unajua mwenye pikipiki ndiyo kwanza anatoka sokoni Dongobesh, una muda wa kuchemsha chai.

Ninyi wa bodaboda mmedekezwa. Pikipiki zenu zinabeba oili yake chini tumboni. Unachungulia kwenye kioo kidogo pembeni, unaona ipo, unapiga honi, umeondoka. Hao wazee wangu wa taa za mviringo wana tanki la oili peke yake, pembeni, chini ya kiti. Pampu inaivuta oili kutoka kwenye tanki na kuisukuma ndani ya injini. Ikishalainisha vyuma inadondoka chini tumboni, halafu upande wa pili wa pampu unaizoa na kuirudisha kwenye tanki. Inakwenda, inarudi, mchana kutwa. Shikeni hapo vizuri. Usipopashika hapo, haya nitakayosimulia utayaona ya kichawi, na kweli kuna watu wazima wenye ndevu waliyaona hivyo.

Kitu cha pili ni pumzi. Aliyenifundisha ni Fundi Rajabu, mtu wa familia ya wafanyabiashara pale pale Dongobesh, Mungu amrehemu, mwenye hasira za karibu na moyo mwema wa mbali. Siku yangu ya kwanza aliwasha pikipiki, akanishika mkono, akauweka kwenye ncha ya mpira mwembamba unaotokea kwenye injini. Nikasikia puf, puf, puf, kama ndama ananipulizia kiganja.

"Hiyo nini?" akaniuliza.

"Upepo, fundi."

"Upepo uko nje huko unapeperusha nguo za watu! Hiyo ni pumzi. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyoko chini. Hewa ikose pa kutokea, itatokea popote inapopenda. Na yenyewe haina adabu."

Mpira huo gereji tunauita briza. Nani anaushughulikia siku hizi? Hakuna. Mtu anaosha tanki mpaka anajiona sura, anang'arisha rimu kwa majivu, lakini briza imekunjwa chini ya kiti imekufa kama mkia wa mjusi. Iangalie! Isiwe imebanwa, isiwe imejaa tope. Ivue, ipitishie petroli, ipulize kwa mdomo ukiwa umekumbuka kuikausha kwanza, maana mimi sikukumbuka mara moja na nilikunywa chai yenye ladha ya petroli wiki nzima. Na pikipiki ikikaa muda mrefu, tazama nyigu. Wale nyigu wanaojenga kwa udongo hawajui kutofautisha tundu la ukuta na tundu la briza. Wao wakiona tundu wanaona kiwanja.

Lakini nyigu wana nafuu kuliko mke wa katekista.

Huyu katekista alikuwa na pikipiki ya aina hiyo hiyo, na kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za huku kwetu, usiku inalala ndani pamoja na ndama, maana fisi hatumwamini na vijana hatuwaamini. Sasa briza ikawa inadondosha tone moja moja sakafuni. Ndama wakawa wanaramba. Mama akaona huu upuuzi. Akachukua gunzi la mahindi, akalichonga vizuri, akaziba briza kama unavyoziba kibuyu cha maziwa. Likakaa barabara! Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Katekista kavaa shati jeupe, kawasha, kaondoka. Alipofika katikati ya mlima, sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zikashindwa. Oili ikatafuta njia, ikaipata, na njia yenyewe ilikuwa inaelekea kifuani kwa katekista. Aliongoza ibada ile siku akiwa kama mtu aliyetoka kupakwa mafuta na nabii, na wakongwe wa mstari wa mbele wakasema hawajawahi kuona mahubiri yenye upako namna ile.

Mama alipoletwa gereji kujieleza, hakutetereka hata kidogo. "Kila chombo cha mafuta ndani ya nyumba yangu kina kifuniko," alisema. "Hiki chenu kimekosea nini?" Fundi Rajabu, ambaye alikuwa anatukana hata mvua, aligeuka ukutani. Akacheka mpaka mabega yakamtetemeka.

Haya. Hayo ya gunzi mnaweza kucheka. Ya Zakaria nayo mtacheka, lakini mkumbuke wakati mnacheka kwamba mtu mmoja alikuwa karibu kupoteza kijiji kizima.

Zakaria ni mkulima wa maharage kule Nambis. Mtu mzuri, mchapakazi, ila akishaamua jambo, kulitoa kichwani mwake ni kazi kuliko kung'oa kisiki cha mkaratusi. Alinunua pikipiki ya kizamani kutoka kwa mzee mmoja wa Katesh aliyekuwa ameshindwa kuipiga kiki. Akaiita Bibi. Bibi alikuwa anafunikwa blanketi zuri kuliko la Zakaria mwenyewe. Alitoka mara moja kwa juma, siku ya mnada, siku nyingine zote amepumzika kwenye banda la majani pembeni ya nyumba, hakuna kumgusa.

Zakaria alikuwa na tabia moja. Akirudi mnadani, kabla hata hajavua kofia, anafungua kifuniko cha tanki la oili. Anakuta limejaa. Anatabasamu, anafunika. Siku ya mnada unaofuata, asubuhi, anafungua tena kabla ya kuondoka. Anakuta oili imeshuka nusu, pengine zaidi. Chini hakuna hata tone. Banda kavu kabisa.

Ninyi mngefikiri nini? Msiniambie mngefikiri mambo ya pampu. Mngefikiri alichofikiri Zakaria: kuna mtu.

Basi akawa anaongeza oili mpya kila mnada mpaka tanki lijae, halafu anapiga kiki. Bibi anakohoa moshi wa buluu mpaka kuku wanapoteana, halafu anaanza kutema. Anatema kwenye briza, oili inakwenda kwenye tairi la nyuma, kwenye mnyororo, na kwenye miguu ya yeyote aliyepewa lifti. Nambis nzima walijua hupandi nyuma ya Zakaria bila koti la mvua, hata kiangazi. Mwenyewe ukimwambia anasema, "Ni mzee, aisee. Wazee hukohoa." Kuja kwangu? Thubutu! Alikuwa anaamini mafundi wa Dongobesh tunaziambukiza pikipiki magonjwa ili tupate wagonjwa.

Sasa jirani yake ni Boay. Kati ya nyumba zao kuna ua wa minyaa tu. Boay ni mkubwa kwa Zakaria kiumri, mtu wa umbo kubwa na maneno machache, na wawili hao walikuwa wanalima pamoja tangu ujana. Zakaria ana dume moja la kulimia, Boay ana moja, wanayafunga nira moja, wanalima shamba la huyu kisha la yule. Kwa maneno mengine, kila mmoja peke yake hana plau.

Kipindi hicho hicho Boay akajenga zizi jipya la ndama. Nguzo akazipaka oili chafu, nyeusi tii, kuzuia mchwa. Ni kawaida yetu, kila mtu anafanya. Zakaria akasimama upande wake wa minyaa, akaziangalia zile nguzo zinavyong'aa, akageuka akaliangalia tanki lake. Hapo hapo akawa amemaliza upelelezi.

Akaanza kulinda. Kwanza alihamia bandani, akalala pembeni ya Bibi ameshika fimbo. Asubuhi akafungua tanki: imeshuka. Akamwingiza Bibi ndani ya nyumba kwa ndama, akaegemeza kitanda mlangoni. Imeshuka. Akatega simu yake irekodi video, ameiegemeza kwenye debe, na kesho yake akaketi na mke wake kuangalia ushahidi. Wakaona matako ya ndama kuanzia mwanzo mpaka chaji ilipokata. Oili imeshuka.

Ndipo jambo likageuka kuwa baya. Mtu anayeiba kwenye banda ni mwizi. Mtu anayeiba ndani ya nyumba iliyofungwa, mwenye nyumba yuko macho, huyo tena siyo mwizi wa kawaida. Zakaria hakulitaja neno lenyewe. Alisema tu kisimani, "Mimi nimefunga mlango kwa kitanda," akainua ndoo yake akaondoka, na watu wakajazia wenyewe. Akaacha kumsalimia Boay. Halafu mke wake akaacha. Halafu wa nyumba ya pili, ya tatu, kama ugonjwa wa kuku.

Huku kwetu kuna adhabu ya kutengwa, na kama wewe umekulia mjini huenda unaona ni kitu kidogo. Usinichekeshe. Ukitengwa hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukusaidia kuvuna, hupewi hata kaa la moto la kuwashia jiko. Ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Wazee wakakubaliana wakae uwanja wa josho la ng'ombe, walisikilize shauri, na kila mtu alijua litaishia wapi.

Asubuhi ya siku hiyo Boay alifika gereji kwangu kwa miguu. Nilikuwa nimelala chini ya pikipiki ya mtu, nikaona viatu vikubwa vimesimama.

"Shikamoo, Boay," nikasema huko huko chini.

Viatu havikusogea. Nikadhani hajasikia. Nikatoka. Nikamkuta amesimama ananitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Marahaba," akasema polepole. Kisha akakaa kwenye ndoo yangu ya nati, bila kuangalia, na nati zenyewe zikiwemo. "Fundi, ile oili chafu ya nguzo, si ulinipa wewe?"

"Nilikupa. Dumu zima. Nilikuwa nakushukuru unaniondolea uchafu."

"Njoo ukaseme hivyo. Leo. Watoto wa shule wananipita kimya, fundi. Watoto! Jana kuna mmoja alifungua mdomo anisalimie, dada yake akamziba kwa mkono."

Nilipandwa na hasira mpaka nikatupa spana. Halafu nikaiokota, maana ndiyo niliyokuwa naitegemea. Nikamuuliza maswali ya kifundi. Zakaria akirudi mnadani, tanki la pikipiki yake linakuwaje? Limejaa. Ikikaa? Inashuka. Akiwasha? Moshi na kutapika. Nikaanza kucheka, Boay akaniangalia vibaya sana. Nikamwambia, "Kaka, mwizi ninamjua. Panda nyuma twende." Nikachukua spana zangu na karai, kichwa kimenivimba, najiona wakili.

Tulikuta uwanja umejaa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tarmo, mzee mkali mwenye raba nyeupe alizoletewa na mwanawe, ambazo alikuwa anazivaa kwenye mashauri mazito tu. Zakaria akaeleza habari yake. Nami nikasimama nikasema ile oili ya nguzo ni yangu, nyeusi, chafu, imetoka gereji.

"Hiyo nyeusi sawa," akasema Zakaria. "Mimi nauliza mpya. Yangu ilikuwa mpya, rangi ya asali. Hiyo alikuwa anaipeleka wapi?"

Watu wakanung'unika. Swali lilikuwa zuri, sikatai.

"Mleteni Bibi," nikasema. "Asukumwe. Mtu asimwashe!"

Zakaria akaenda, akarudi anamsukuma na blanketi lake juu. Nikafungua tanki. Wazee wakapanga mstari kuchungulia, mmoja mmoja, kila mtu anafumba jicho moja. Kulikuwa na oili kidogo tu kule chini. Mzee mmoja akachovya kidole, akanusa, akakifutia kwenye koti la mwenzake.

"Wazee wangu," nikasema, natembea huku na huku kama wale mawakili wa kwenye televisheni. "Oili haijaibiwa. Imeshuka tumboni mwa injini. Ndani kuna gololi ndogo na springi yake, kazi yake ni kuziba njia injini ikizimwa. Gololi imelika. Kwa hiyo Bibi akilala, oili inateremka taratibu kutoka kwenye tanki mpaka tumboni, na wala huoni tone nje. Akiwashwa, pampu inairudisha. Huyu ndugu anaongeza oili juu ya oili, ndiyo maana anatapika! Tazameni sasa. Nitawasha, na mtaiona oili inarudi kwa macho yenu."

Nikapiga kiki. Bibi kimya. Nikapiga tena. Akatoa sauti kama mtu anayedharau. Nikavua koti, nikapiga, nikapiga, jasho likaniingia machoni, halafu kiki ikanirudishia teke la nguvu nikaruka, nikatua makalio kwenye samadi ya josho. Weee! Uwanja mzima ulicheka, mpaka wale waliokuja na sura za mazishi.

"Bibi hapendi wageni," akasema Zakaria, na alisema kwa dhati kabisa.

Mzee Tarmo hakucheka. Alitazama jua. "Fundi, tumekusikia. Kama huna lingine, wazee waseme neno lao."

Nikaona mke wa Boay kule pembeni anavuta kanga usoni. Nilikuwa na ukweli wote kichwani na hakuna hata mmoja aliyeweza kuuona, kwa sababu ya plagi iliyolowa oili ikakosa cheche.

Hapo ndipo Boay alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza pale uwanjani.

"Fundi. Unasema oili iko tumboni?"

"Ndiyo, kaka. Naapa."

"Ng'ombe akivimba tumbo," akasema, "huwa hatumwombi atembee. Tunamtoboa. Huyu hana mahali pa kumtobolea?"

Jamani! Chini ya injini kuna nati ya kumwagia oili. Mtoto wa gereji wa wiki ya kwanza anaijua. Mimi nilikuwa nimeshughulika kuwa wakili nikasahau kuwa fundi. Nikajitupa chini, nikasukuma karai, nikafunga spana, nikazungusha. Nati ikatoka, na oili ikatoka nyuma yake kwa hasira, ikaruka karai, ikatua kwenye raba nyeupe za Mzee Tarmo.

Mzee Tarmo aliangalia miguu yake. Mimi nikasogeza karai haraka, na oili ikaendelea. Ikafunika kitako cha karai. Ikapanda. Ikaendelea kupanda, nzito, haina haraka, na kila aliyekuwa amekaa akasimama aone. Ilikuwa imechujuka rangi kidogo kwa kuzunguka, lakini bado ukiiangalia unaona asali.

"Anatapika alichoiba," mzee mmoja akanong'ona.

Zakaria alikaa chini pale pale aliposimama. "Na ile niliyokuwa naongeza kila mnada?"

"Umeimwaga njiani," nikamjibu. "Uliza waliopanda nyuma yako."

Mama mmoja akainua koti lake la mvua juu, akaligeuza upande wa mbele na wa nyuma, kila mtu akaliona.

Sasa, vijana, hapa ndipo mchukue kilicho chenu, maana nikifika mwisho sitaweza kurudi kwenye mambo ya spana. Pikipiki yenye tanki la oili la peke yake haipimwi ikiwa imelala. Washa, iache ingurume kidogo, fungua tanki uchungulie ule mrija wa kurudishia: ukiona oili inatema tema pale, pampu ni nzima. Izime, ndipo upime. Ikiwa imelala siku nyingi, usiongeze hata kijiko. Fungua nati ya chini, kinga kwenye chombo safi, chuja kwa kitambaa, rudisha juu. Gololi na springi ukizipata mpya, badilisha. Na ukiona briza inatema, usiilaumu briza. Briza ni mdomo tu. Uliza tumbo lina nini.

Basi. Mzee Tarmo alivua raba zake, akaziweka pembeni, akasimama pekupeku. Akasema kwa mila ya wazee, anayemsingizia mwenzake mbele ya baraza, adhabu ile ile inamgeukia. Akamwambia Boay, "Ilikuwa ikuangukie wewe. Sasa iko mkononi mwako. Tumtenge?"

Zakaria alikuwa bado amekaa chini. Sijawahi kumwona mtu mkavu midomo namna ile. Alikuwa anajua anachoulizwa mwenzake, maana yeye ndiye aliyempitisha Boay humo humo.

Boay alifikiri. Akaonyesha karai kwa kidevu.

"Fundi, hiyo ndiyo niliyoiba?"

"Ndiyo hiyo, kaka. Yote."

"Basi ni yangu. Nimeteseka sana kuiiba. Zizi langu lina nguzo bado hazijapakwa."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika Dongobesh. Mzee Tarmo mwenyewe alijifunika uso kwa blanketi lake la begani. Hata mke wa Boay alicheka, kanga imemdondoka mabegani. Boay peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anamngoja Zakaria.

Zakaria akainuka. Akaja taratibu, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Sijasikia," akasema Boay.

"Shikamoo, kaka!"

"Sijasikia."

Watu wakaanza kucheka upya, wanamwona Boay anamkomoa. Zakaria akavuta pumzi, akapiga kelele kwa mapafu yake yote, mpaka ng'ombe waliokuwa kwenye josho wakageuza vichwa: "Shikamoo, kaka Boay!"

Na mimi nilikuwa nacheka, nimeshika mbavu, mpaka nilipomtazama Boay usoni. Alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yanamtiririka yanaingia kwenye ndevu.

"Nimesikia tangu ya kwanza," akasema. "Rudia tu, mdogo wangu. Rudia tena."